Kiberiti cha Ardaya

Aliingia karakana saa mbili asubuhi, Oruro,
barafu bado imeshika pipa la maji,
na Corona yake ya mwaka sabini na tisa
ikikohoa moshi mweusi
hadi kwenye nguo alizoanika Bi Basilia ng'ambo ya barabara.
"Niuzie kabureta," alisema.
Katoka Trinidad, kule chini kwenye joto na mito,
siku tatu akipanda,
tundu moja la pua limezibwa kwa pamba yenye damu.

Sikumjibu. Mama alinifunza hivyo:
mwenye gari ni shahidi wa pili.
Wa kwanza wako gizani, wanne,
kila mmoja na kofia yake ya mpira.

Nilikuwa nimeshika spana, nikakumbuka
amekaa foleni ya petroli nusu saa, injini ikinguruma bure.
Plagi iliyozembea husema uongo.
"Lete funguo."
Tukashika njia ya kupandia migodini, gia ya tatu,
mguu wangu umezama hadi kwenye bati,
Ardaya kakumbatia mlango,
na pale pale, injini inatoka jasho, nikazima,
nikakanyaga klachi, gari likaserereka kimya
hadi kando ya ukuta wa udongo.

Upepo unakata masikio. Nikachomoa.
Ya kwanza: masizi makavu, meusi kama tako la sufuria ya kuni.
Ya pili, ndugu yake.
Ya nne nikaifuta kwa kidole, ikaniachia wanja.
"Imekufa?"
"Haiumwi hata. Ni mgeni.
Kule kwenu hewa ni uji.
Hapa ni maji ya kuoshea mchele,
nayo bado inakunywa petroli kwa kikombe cha nyumbani.
Kama wewe na hiyo pamba."

Akacheka. Kikohozi kikamkatiza.

Lakini ya tatu.
Kauri yake nyeupe, safi,
safi kuliko inavyofaa,
kama uso wa mtu aliyenawa haraka kabla ya kufungua mlango.
Mvuke umeiosha. Maji yanapenya gasketi
tone kwa tone, yanaingia palipo na moto.
Hili si la mlima. Hili amekuja nalo.

Nikampa, akaigeuzageuza kiganjani, bado ya moto.
"Kitu kama hiki huanza lini?"
"Zamani. Unaongeza maji kwenye rejeta,
unasema ni jua."

Alinyamaza mpaka lori likapita, na jingine.
Kisha, akiitazama plagi, si mimi,
akasema baba yake amelazwa hapa juu, mapafu,
baba ambaye hajamwona miaka kumi na tisa;
kila mwaka yeye alisema ni mvua,
barabara imekatika.

Sina maneno ya mambo hayo. Nina jeti.
Nilitoa namba mia thelathini na tano, nikafunga mia na ishirini.
Gasketi ilichukua siku mbili,
kichwa cha silinda nikakisugua kwa msasa juu ya kioo
hadi kikakoma kuyumba.
Jeti yake nikaitia kwenye kiberiti kitupu,
nikaandika ARDAYA. Utaichukua ukiteremka.

Baba yake alizikwa Agosti ile ile.
Miaka mitano sasa.

Juzi alikuja kubadili oili.
Anauza machungwa sokoni, kapigana na baridi hadi mashavu yamekuwa ya huku.
Nikachomoa zote nne bila kuombwa:
rangi ya biskuti iliyochovywa chai,
ya tatu pia.
Hakuniuliza zinasema nini.
Alikuwa ameinama kabla yangu.

Kiberiti kipo rafuni, kati ya mafuta ya breki na picha ya mama.
Nilikitikisa, asikie.
"Kiache," alisema.
"Hakiombi chakula."