Jicho la Kumi na Moja

Ostrava, Novemba. Ukumbi huu zamani uliyeyusha chuma;
leo unayeyusha theluji ya viatu
vya watu mia mbili na kumi na wawili.
Nimewahesabu. Viti ni mia nane.
Vile vitupu tumevitandika kitambaa cheusi
tusije tukaumbuka mbele ya kamera.

Kazi yangu haina jina ambalo ofisi ya kodi inalijua.
Wachezaji ni kumi, watano kwa watano,
nami ni jicho la kumi na moja:
navaa macho ya huyu, nayavua, navaa ya yule,
na ninachokiona ndicho kinachokwenda skrini kubwa.
Risasi niliyoikosa mimi haikupigwa.

Mchezo una miezi saba.
Watu bado wanauita "ule mpya",
kama mtoto anayenyimwa jina
mpaka ionekane kama ataishi.

Raundi ya nne. Moshi wa rangi tatu,
kuta zinaota, kuta zinayeyuka,
mganga anafufua wenzake kwa mmweko mmoja.
Ukiwa na kipanya mkononi ni raha tupu, nakiri,
nimekesha nao hadi tramu ya kwanza ya alfajiri.
Utamu wa ngoma uingie ucheze.
Sawa.
Sasa tiketi tumuuzie nani?

Mbele ya meza yangu ameketi Bi Květoslava,
mama yake Radim wa timu ya hapa, anafuma soksi.
Moshi ukifumuka anageuka:
"Nani anashinda?"
Namwambia asubiri.
"Aliyekufa si Radim?"
Alikufa, mama, kisha akafufuliwa.
"Mara ngapi?"
Mara mbili.
"Basi nisisumbuke kulia."
Marehemu mumewe alicheza magongo ya barafuni;
kule, anasema, kidude kikigusa wavu hata kipofu hujua.

Drahomír wa wadhamini ananionyesha simu:
watazamaji elfu kumi na tisa mtandaoni!
Simwambii kwamba nusu yao wamelala,
wameacha skrini wazi wagawiwe bunduki ya dhahabu.
Simwambii kwamba juzi usiku kampuni ilipunguza nguvu ya upinde mmoja
na mazoezi ya miezi mitatu ya vijana wa Brno
yakaenda na maji.
Anajua. Ndiyo maana anatabasamu hivyo.

Raundi ya mwisho.
Mganga kafa. Moshi umekwisha, wa rangi zote.
Radim kabaki peke yake, na wanaomtafuta ni watatu.
Kanuni yetu: usikae kichwa kimoja zaidi ya sekunde nane.
Nimeingia machoni mwa Radim
na sijui kilichonishika, sikutoka.

Sekunde ishirini. Amechuchumaa nyuma ya mlango.
Thelathini. Mtangazaji ameishiwa maneno, Mungu ambariki.
Nyayo sakafuni, upande wa kushoto, labda.
Arobaini.
Sindano za Bi Květoslava zimesimama.
Hakuuliza nani anashinda.
Mtoto wake kajificha, wanamtafuta:
mchezo huu aliujua kabla ya umeme.

Alimpata wa kwanza. Alimpata wa pili.
Wa tatu akaingia kwa mlango uleule, taratibu, kama mwenye nyumba.

Pumzi ya ukumbi ilitoka kwa mkupuo,
nikaisikia juu ya vipokea sauti vyangu.
Mtu fulani nyuma alitupa kofia.

Nakunja kitambaa cheusi, kiti baada ya kiti,
Drahomír ananifuata na swali lake: utaishi? utafika mwakani?
Sijui. Nimeona mitatu ikizikwa, na mmoja ulikuwa bora kuliko huu.

Bi Květoslava yuko mlangoni, koti limefungwa mpaka kidevuni, amekasirika.
"Kwa nini hakuufunga ule mlango?"
Milango ya mchezo huu haifungiki, mama.
"Basi waambie waifanye ifungike."

Nimeiandika kwenye ripoti, mstari wa kwanza,
juu ya zile elfu kumi na tisa:
Milango ifungike.