Kisanduku cha Tatu

Jumatano mzigo huja, ukija.
Meli hadi Mkoani, gari ya mboga hadi Wete,
na Kombo Sharifu huutua kizingitini
pamoja na harufu ya vitunguu na neno lake lile lile:
"Karatasi zenu hizi, nzito kama madeni."

Nakata katani. Naiviringa kidoleni,
naitia koponi na wenzake,
maana Bi Raya aliyenikabidhi meza hii
hakuwahi kutupa kamba, wala neno.

Jina, juzuu, toleo, mwezi.
Natoa kadi kwenye sanduku la bati,
natafuta kisanduku chake.
Kalamu kwa kilichofika.
Penseli kwa kinachongojwa.
Hiyo ndiyo sheria niliyofunzwa;
nyengine nimefunzwa na nondo na unyevu.

Kisha muhuri. Wino wa zambarau, tarehe ya leo,
mara moja juu ya jalada,
mara moja ukurasa wa kumi na saba,
ambapo kila jarida letu lina chanjo yake ya siri
kama mtoto wa skuli begani.

Leo yamekuja saba.
Mawili ya ukunga, yamegandana kwa mvua;
nayaachanisha ukurasa kwa ukurasa, napuliza
kama anayepoza uji wa mgonjwa.
La wakulima wa mwani, ambalo Time Makame
hulisoma kutoka nyuma, kwenye bei.
La sheria. La hesabu.
Moja la lugha nisiyoijua, halijaagizwa na mtu,
nalo nimelifungulia kadi.
Mgeni haachwi amesimama mlangoni.

La saba liko chini kabisa.
Bahasha yake imepigwa mihuri ya miji mitatu,
na mtu, sijui wapi, kaandika kwa hasira: SIO HAPA.
Jarida la Mikarafuu. Toleo la tatu.
La miaka sita nyuma.

Nakaa.

Kadi yake naijua kama kovu langu.
La kwanza, kalamu. La pili, kalamu.
La tatu, duara la penseli la Bi Raya,
na nakala za barua zake tatu za kudai,
pini imeshika kutu ikazichora ua la kahawia.
Jibu lilikuwa moja: "Lilitumwa."

Toleo la pili liliishia pabaya.
Ugonjwa wa kukauka kuanzia kileleni: dalili zake,
chanzo chake, picha ya tawi,
kisha, pale pale penye neno "Tiba",
inaendelea toleo lijalo.

Bwana Faki Shaame wa Konde alikuwa na mikarafuu ishirini na moja.
Kila Jumatano alikuja. Hakuuliza jarida.
Aliuliza, "Meli imekuja?"
Na sisi tulijua anauliza nini.
Miti ilikufa, akaendelea kuja.

Nafungua. Sipaswi kusoma kabla ya muhuri, nasoma.
Tiba: hadi sasa haijulikani.
Mkulima anashauriwa akate mti mgonjwa,
auchome, asipande hapo kwa misimu mitatu.

Mlango unalia. Ndara zake kwenye sakafu.
"Meli imekuja?"
"Imekuja," nasema, na sauti yangu inanisaliti.

Anasoma kwa kusimama,
kidole chini ya kila mstari, kofia kwapani.
Nje mtu anageuza karafuu kwenye jamvi, chaka, chaka.
Nangoja. Nimeandaa pole, nimeandaa na maji.

"Kumbe nilipatia," anasema.
"Nilikata, nikachoma. Mke wangu akaniita mwendawazimu."
Anacheka mpaka anafuta macho,
na sijui anafuta kipi.

Naweka kalamu kwenye duara la Bi Raya.
Wino juu ya penseli. Sifuti.

Nikidhani tumemaliza, anageuza ukurasa,
anauinamisha kwenye dirisha,
ananionyesha maandishi madogo ya chini:
Namna ya kupanda upya. Inaendelea.

"La nne," ananiuliza, "mmeliandikia?"

Nachonga penseli.