Kokwa ya Mia

Kopo limeandikwa 100. Nimehesabu mara tatu,
miwani puani, kiyoyozi kikikoroma kama mtu mwenye mafua:
tisini na tisa.
Vyekundu ishirini, vya buluu ishirini, vya kijani, vya zambarau,
na vya manjano kumi na tisa tu.

Tumepekua chini ya makochi. Tumekung'uta zulia.
Shihab kaingiza mkono mpaka begani nyuma ya friji,
katoka na utando wa buibui na noti ya nusu riali.
Cha manjano hakuna.

Mama yake kalinunua kopo hili Sibu,
duka la kila kitu riali moja. Atalirudisha kwa nani?
"Bibi, bila ya mia hakuna mchezo."
Basi nikaitema kokwa ya tende niliyokuwa nikiimumunya,
nikaiosha, nikaifuta kwa ncha ya kanga,
nikaiweka mezani. Mia.
Akaigeuza geuza. "Hii rangi gani?"
"Rangi ya khalasi. Endelea."

Skuli wanahesabu kwa Kiarabu, na kwa Kiingereza.
Kwangu, Juni nzima,
wakati hapa Maabela hata kitasa cha mlango kinaunguza,
tunahesabu kwa Kiswahili.
Anapanga vidude kumi msitari mmoja, kimoja pembeni:
kumi. Na. Moja.
Ile "na", kaigundua mwenyewe,
ni upana wa kidole
anaouacha katikati.

Siku moja alifika sita akacheka:
"Hii ya Abla Raiya!"
Saba pia. Tisa pia.
Zimekwenda na kurudi,
hazikubadili hata nguo.
"Na nane?"

Nane ni ya kwetu, nikasema.
Imekaa baina ya saba na tisa
kama mimi harusini Ibra, baina ya mawifi,
nikitikisa kichwa kwa maneno niliyoyafahamu nusu,
na kahawa nikijaziwa mara ya tano, mara ya sita,
kwa sababu kichwa nilikijua kukitikisa,
kikombe, kusema basi, sikukijua.

Hakunijibu. Aliichukua ile kokwa
akaisogeza mpaka nafasi ya nane.

Tangu hapo tunarusha dadu, tunatoana.
Vyekundu ananipa bila kinyongo.
Vya buluu anavisukuma kwangu kwa kiwiko.
Nane toa tatu, nane toa saba,
kokwa iko pale pale.
"Hii haitolewi, bibi."
Kanuni hiyo imetoka wapi? Sikuuliza.
Nami nimeshindwa michezo minne mfululizo.

Jana nimefua. Ndani ya mashine kitu kinagonga, tak, tak,
nikadhani kifungo.
Kumbe cha manjano, mfukoni mwa dishidasha yake,
kimepauka kidogo, kisafi kuliko wenzake wote.
Nikasema moyoni: leo kokwa itakwenda jaani.

Akavikusanya vyote, na kokwa juu yake,
akafunga kifuniko kwa magoti.
Kisha akatafuta kalamu ya wino mweusi,
na ile sifuri ya mwisho kwenye kopo
akaipiga msitari wa kusimama, juu mpaka chini.

Sasa ni moja. Au ni jicho la paka.
Kopo liko juu ya friji, linanitazama.