Jembe la Mnadani

Jumapili ya mavuno, hapa Makete,
sakitu bado imelala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu asiyejua bei yake,
tuliingia kanisani na masweta mawilimawili,
kila mmoja akipumua moshi wake.

Mchungaji akasema, Peaneni amani.
Nikageuka nyuma. Nikageuka kushoto.
Kulia alikuwa Chaula.
Nikampa ncha za vidole
kama anayeonja uji wa moto.

Misimu mitatu hatujaamkiana.
Jembe lake lilikuwa likila mpaka wangu kimyakimya,
mwaka huu unyayo, mwaka ujao unyayo,
hadi mwati alioupanda marehemu mume wangu
nikaukuta umesimama katikati ya njegere za mtu.
Jioni nilisali, Utusamehe makosa yetu,
na nikifika "kama sisi" nilikohoa.
Mungu anajua kikohozi kile hakikuwa cha baridi.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka, nje, palipo na jua.
Mzee wa kanisa Sanga ananadi
kwa sauti iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde:
Kabichi, mia tano!
Mayai sita, moja lina ufa, anayeogopa ufa asinunue!
Jogoo wa Bi Ilomo alinunuliwa mara tatu
na mara tatu akarudishwa mnadani;
siku ile jogoo alimtolea Bwana kuliko sisi sote.

Kisha akainua jembe.

Mpini umeng'aa kwa jasho la miaka,
nikalijua kabla hajataja mwenyewe.
Mwaka ule Chaula hakuwa na gunia wala debe,
sakitu ilikuwa imepita kwake kwanza.
Alitoa kilichobaki mkononi.

Elfu mbili, akasema mmoja. Elfu tatu.
Nikausikia mdomo wangu: Elfu tisa!
Wanawake wakapiga vigelegele,
wakasema, Tazameni upendo.

Haukuwa upendo.
Naliandika hili kwa kuwa karatasi haina macho:
nililinunua kwa hasira,
ili lisikanyage tena shambani kwangu.

Jumatatu, ukungu haujapanda kutoka bondeni,
hodi.
Amesimama uani, kofia ya sufu mkononi.
"Mama Tuponile, huna jembe la kuazima?"

Nilikuwa na maneno. Niliyatunza misimu mitatu,
yamechacha vizuri, yananuka hata yakiwa yamefunikwa.
Lakini nikaiona mikono yake,
nyufa za baridi zimefika kwenye damu,
mikono ileile niliyoigusa jana kwa ncha za vidole
nisione kitu.

Nikaingia ndani.
Nikatoka na jembe, na kikopo cha mafuta ya mgando.
"Shikamoo," nikasema.
Marahaba yake ilichelewa,
ikatoka na kitu kooni,
naye akatazama kuku, nami nikatazama kuku,
tukawa watu wawili wanaojali sana kuku.

Mpaka? Sijui.
Labda aliusogeza yeye, labda mvua,
labda marehemu alipanda mti akiwa ametoka kilabuni.
Mwenyekiti wa kitongoji atakuja Alhamisi na kamba yake.
Tutapima. Atakayekosa atanung'unika,
na kama ni mimi, najijua, nitanung'unika kwa sauti.

Lakini jembe hulala kwangu, huamkia kwake.
Na usiku, nikifika kwenye "kama sisi",
bado nakohoa kidogo,
nameza mate,
napita.