Swali la Thelathini na Moja

Mtihani ni Jumamosi, Masasi, saa tatu kamili.
Leo Alhamisi, na umeme wa Newala umekwenda zake tena
bila kuaga.
Kompyuta ya chama cha msingi imebakiwa na chaji ya dakika kumi na tisa;
nimeizima, naitunza kama maji ya kisimani.
Tovuti yangu naiandika nyuma ya stakabadhi za msimu uliopita.
Mbele: korosho ghafi, daraja la pili, kilo sitini na mbili.
Nyuma: fungua kichwa, funga kichwa,
fungua mwili.

Kichwa, alisema Mwalimu Nandonde, hubeba yasiyoonekana.
Mwili ndio watu wanaoutazama.
Nikanakili hivyo hivyo, sikucheka,
mimi wa miaka thelathini na nne,
dawati moja na Hashiri
aliyezaliwa mwaka ule nilioacha kidato cha pili.

Sanduku lilinisumbua wiki mbili.
Kila kitu ni sanduku, anasema, hata duara ni sanduku:
kilichomo, nafasi ya ndani, mpaka, nafasi ya nje.
Sikuelewa hata siku nilipopasua korosho moja ghalani.
Punje. Ile ngozi nyembamba.
Ganda na mafuta yake yanayobabua vidole.
Kisha upenyo tunaouacha kati ya gunia na gunia, hewa ipite.
Nikacheka peke yangu, wapimaji wakanitazama.
Vidole vyangu vilijua jibu tangu nina miaka tisa,
ila hakuna aliyewahi kuviuliza.

Nukta mkato, lakini, sijaipatia mfano.
Jana niliisahau moja, ndogo kuliko punje ya ulezi,
kijani chote kikagoma.
Nilitafuta saa nzima.
Hashiri aliiona mara moja, huku anatafuna muhogo.

Mama yuko mkekani. Mtoto wa jicho amemfunika kulia na kushoto,
tunangoja zamu yake Ndanda.
"Soma kwa sauti," anasema, "mimi ndiye msimamizi."

Swali la thelathini na moja:
kwa nini picha iandikiwe maelezo?
Najibu kama daftari linavyotaka:
ili picha isipofunguka, maneno yabaki.

"Picha gani?"
Ya kwenye tovuti yangu, mama. Ya majaribio.
"Ya nini?"
Ya korosho.
"Korosho zipi? Ziko mtini au zimeanguka? Nani anaokota?"

Nikawasha kompyuta.
Picha niliipiga mwenyewe, Oktoba ile kabla macho hayajazimika.
Pale pa maelezo nilikuwa nimeandika neno moja: picha.
Nikalifuta.
Nikaanza upya, kila neno nikilitamka:

mwanamke ameinama chini ya mkorosho,
kanga kaifunga kiunoni, fundo liko kushoto,
mabibo yametapakaa mchangani, mekundu na ya manjano,
anakwanyua korosho kwa kuisokota,
hatazami kamera

Kimya. Panya akapita darini.

"Huyo ni mimi."
Ndiyo.
"Andika mgongo ulikuwa unauma."
Lakini mgongo kuuma hauonekani, mama, na maelezo ni ya kinachoonekana.
"Kwani mimi naona nini?"

Nikaandika.
Dakika nne.
"Umefunga? Si ulisema kila unachofungua unafunga."
Nimefunga.
"Na mwili?"
Na mwili nimefunga.

Kioo kikazimika kabla sijahifadhi, au baada, sina hakika.
Tukabaki sawa gizani, mimi naye,
akaniomba nirudie ile ya nukta mkato,
maana hiyo, alisema,
hakuielewa vizuri.