Hesabu ya Datsun

Umeileta kwa kamba, Kitsao, saa tano za asubuhi,
inavutwa na trekta la watu wa Ganda,
na watoto wa Maweni wanakimbia nyuma
wakidhani ni harusi.
Nimeweka chai yangu chini, nimeizunguka mara mbili
kama mnunuzi wa mbuzi mwenye kikohozi.
Datsun, wan-twenti-wai. Ilikuwa nyeupe.
Milango minne, unaofunguka mmoja.

Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda.
Hiki chako ni kidonda.
Usinune. Vuta kigoda, tuhesabu.

Una elfu thelathini na mbili kwenye simu,
miezi saba ya kukwangua chumvi kule Gongoni
bila soda, bila viatu vipya.
Chumvi ndiyo iliyokulipa. Sasa tia kidole hapa, chini ya mlango.
Bonyeza. Umeona? Kimefika kwenye zulia.
Chumvi hiyo hiyo, mwanangu:
imekupa kwa mkono wa kulia,
ikakutangulia huku na wa kushoto.

Ile picha uliyonionyesha, nyekundu, rimu zinametameta,
iweke. Sikwambii uifute.
Ila ile imelala kwenye gereji yenye sakafu,
na aliyeipiga picha hakuzipiga risiti.

Tuanze na kusimama, ndipo tuseme kwenda.
Breki kwanza. Hakuna atakayekusifu kwa breki;
sijasikia mtu barazani akisema
tazameni kijana yule anavyosimama.
Breki, halafu matairi manne ya rika moja,
halafu nyaya, maana panya wamezaa humu hadi wajukuu.
Rangi ya nini saa hizi? Bibi harusi mwenye homa
hafunikwi shela, hupelekwa hospitali.

Spea utaambiwa ziko Mombasa.
Utakwenda, utaambiwa zilikuwapo jana.
Kabureta tutaitoa kwenye lile gofu la Mzee Fumo,
lakini kuku wake ameatamia chini ya boneti,
kwa hiyo tungoje. Siku ishirini na moja. Mayai hayasukumwi.

Mimi nilikuwa na Pijo.
Miaka kumi na mmoja, niko chini yake.
Nyevu akiniletea ugali, anazungumza na miguu yangu.
Mtoto wetu wa pili alinijua kwa kandambili.
Ada ya shule ilipobisha hodi nikaiuza kwa kilo, vipande vipande.
Sijuti.
Najuta kidogo. Usukani ule pale ukutani,
nautundikia kofia.

Basi sikwambii itatembea mwaka huu.
Disemba iungurume tu, papo hapo ilipo,
itoe moshi wa buluu, majirani walalamike.
Mwakani ifike Mambrui.
Na irudi, Kitsao. Kurudi ndiyo nusu watu wanayoisahau.
Unasema Lamu? Lamu hata gari zima huachwa Mokowe
likimtazama mwenyewe anavyopanda boti.
Haya, umecheka. Nilitaka ucheke
kabla sijakwambia bei ya gasketi.

*

Hayo niliyasema kabla ya mvua za mwaka juzi.
Akaondoka kimya, nikajua ameudhika.
Kesho yake alikuja na msasa na mkate wa mofa.

Jana saa mbili usiku simu ikalia.
"Fundi, niko Sabaki."
Kabla ya daraja au baada yake?
"Juu yake."
Imezimika?
"Imezimika. Ng'ombe walikatiza, nikakanyaga. Lakini fundi,"
na alikuwa anahema kama aliyeibeba yeye,
"fundi, imesimama pale pale. Pale pale nilipotaka."

Nikavaa shati. Nikamwambia awashe taa za dharura,
akasema hizo bado.
Nikamwambia ashuke, apunge tochi ya simu.

Kamba iko nyuma ya mlango.
Ni ile ile.