Pumzi

Saa nane usiku, barabara ya Lang'ata,
kando ya ukuta wa makaburi.
Askari ananipa mrija, mpya, bado ndani ya nailoni.
"Puliza, kijana. Usinionjeshe tu. Puliza."

Leseni yangu ina siku kumi na tisa.
Ile L nyekundu niliibandua jioni,
Kwamboka asije akanicheka.
Gundi bado inanata kiooni.

Nimewahi kupuliza maputo, mishumaa, uji wa nyanya;
sijawahi kupuliza kitu kikanihesabu.

Namba zinapanda polepole, kama lifti ya jengo bovu.
Kwamboka amesinzia, mkanda hajafunga,
kichwa kinagongagonga dirisha.

"Imezidi. Kesho kortini, Kibera."
Anachomoa funguo.

Hadi leo sijui
kwa nini nilimwambia asante.